Mwulizeni Pia Habari za Chumbani

Barua ya wazi kwa watabibu na wauguzi wanaotoa dawa za kifafa Dzaleka na Lilongwe, na kwa wakubwa wao katika Wizara ya Afya ya Malawi na UNHCR

Waheshimiwa,

Siku ya kliniki ya kifafa mwanamume huulizwa ameanguka mara ngapi tangu alipokuja mara ya mwisho. Hujibu, mtabibu huandika, vidonge vya mwezi huhesabiwa, naye huenda zake. Swali hilo halina budi kuulizwa. Ninawaandikia kuomba liongezwe la pili, ambalo kwa miaka yote niliyokaa kati ya mgonjwa na mtabibu nikiwa mkalimani nimelisikia mara chache mno: mambo ya chumbani na mkeo yanakwendaje?

Msipouliza hili la pili, jibu la lile la kwanza msiliamini. Wapo wanaume wanaosema "dawa nakunywa, sijaanguka" ilhali vidonge vimelala kwenye kopo chini ya kitanda. Hawakusahau, wala si wajinga. Wameviacha kwa sababu tangu waanze kuvinywa nguvu za kiume zimekwisha, na hakuna aliyewaambia kwamba vidonge vinaweza kuleta hali hiyo, wala kwamba kuna njia ya kuirekebisha.

Mimi ni mkimbizi kutoka Kivu Kusini. Kiswahili nimezaliwa nacho, Chichewa na Kiingereza nimejifunzia hapa Malawi, kwa hiyo majirani hunichukua wanapokwenda kutibiwa, Dzaleka, Dowa, na mtu akipewa rufaa hadi Lilongwe. Nimekwenda na wajawazito, wazee wa presha, watoto wenye malaria. Hao wote husema shida zao mbele yangu bila tabu. Wanaume wenye kifafa ndio husema nusu, na nusu iliyobaki huniambia njiani.

Mmoja ni fundi, umri wake haujafika arobaini, baba wa watoto. Nimebadili mambo kadhaa asitambulike. Kabla ya dawa alikuwa akianguka karibu kila wiki. Mara moja aliangukia jiko la makaa, na mkono wa kulia bado una kovu kutoka kiwiko hadi kwenye vidole, ngozi imevutana hata hawezi kukunja ngumi. Alipoanza vidonge, kuanguka kulipungua sana. Mkewe alishukuru Mungu kanisani mbele ya watu. Miezi ikapita, kisha akaanza kuanguka tena. Tulikwenda kliniki moja, sitaitaja. Mtabibu aliuliza: dawa unakunywa? Nikatafsiri. Akasema ndiyo. Dozi ikaongezwa. Mlango ulikuwa wazi, foleni nzima inasikia, na mtabibu alikuwa mwema kabisa ila mchovu, maana watu walikuwa wengi. Tulipotoka, tukiwa tunasubiri minibasi kwenye barabara ya Dowa, fundi yule aliniambia bila kunitazama usoni: "Kaka, ile dawa nimeiacha. Imenimaliza. Mke wangu anadhani nina mwanamke mwingine."

Nilimuuliza kwa nini hakusema ndani. Akasema safari ya kabla ya ile mkalimani alikuwa binti wa jirani, anayesali naye kanisa moja. Angesemaje? Na safari hii, mlango wazi.

Dozi iliongezwa kwa mtu ambaye hakuwa akinywa dawa kabisa. Kama angetii siku ile na kuanza kumeza dozi mpya kwa mara moja, ingemlemea. Na kama asingetii, angeendelea kuanguka, na daftari lingeandika kwamba dawa yake, fenobabitoni, haimsaidii. Kote kuwili mtabibu anatibu kitu ambacho hakipo.

Ninyi mnazijua dawa kuliko mimi, lakini barua hii itasomwa pia na wagonjwa na wake zao, kwa hiyo niruhusuni nieleze.

Fenobabitoni ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912. Ni dawa ya bei ndogo kuliko zote. Shirika la Afya Duniani linasema matibabu ya mtu mmoja yanaweza kugharimu dola 5 tu kwa mwaka, na kwamba watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Dunia nzima wako watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, na karibu wanane kati ya kumi wanaishi katika nchi kama zetu. Kwa hiyo sitaki mtu asome barua hii akadhani ninaitukana fenobabitoni. Imeokoa watu wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu.

Lakini fenobabitoni, kabamazepini na fenitoini zina tabia moja. Zinaliamsha ini lifanye kazi kwa kasi kuliko kawaida. Ini hilo huvunjavunja homoni haraka, na pia hutengeneza kwa wingi protini inayoishika homoni ya kiume, testosteroni, ndani ya damu. Homoni iliyoshikwa haifanyi kazi. Ni unga uliofungiwa ghalani: ukihesabu magunia yamo, jikoni chungu kitupu. Ndiyo maana hata mwenye bahati ya kupimwa testosteroni anaweza kuambiwa iko sawa, kumbe ile iliyo huru, inayofanya kazi mwilini, imepungua. Hamu hushuka. Uume hausimami, au husimama na kulegea kabla ya wakati. Fenobabitoni huongeza na usingizi na uzito wa mwili; mtu anafika kitandani akiwa hoi.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1985 huko Marekani ulichapishwa utafiti wa hospitali za maveterani uliolinganisha dawa nne za kifafa kwa watu wazima 622. Kati ya dawa hizo, primidoni ndiyo iliyoonekana kupunguza hamu na kuleta upungufu wa nguvu za kiume zaidi ya nyingine, na primidoni ikiingia mwilini sehemu yake hugeuka kuwa fenobabitoni. Tangu wakati huo ni miaka 40 hivi. Habari imekaa kwenye vitabu vya madaktari muda wote huo, na haijafika kwenye benchi la mbao anapokaa fundi wangu.

Wala si dawa peke yake. Kifafa chenyewe, hasa kinachoanzia sehemu ya ubongo iliyo ndani ya panja, kinaweza kuvuruga mawasiliano kati ya ubongo na tezi ya pituitari inayoamuru homoni za uzazi. Baada ya mtu kuanguka, homoni iitwayo prolaktini huweza kupanda, na ikikaa juu hushusha hamu. Kuna huzuni, ambayo kwa wenye kifafa ni nyingi kuliko kwa watu wengine, na huzuni peke yake inatosha kuua hamu ya mtu mzima wa afya. Kuna kisukari na presha, ambazo mgonjwa anaweza kuwa nazo bila kujua. Kuna pombe kali ya kachasu, ambayo huharibu nguvu za kiume na huchochea kuanguka pia. Na kuna hofu ya kuanguka katikati ya tendo. Mke aliyewahi kumwona mumewe akikakamaa usiku, mate yenye povu yakimtoka, hawezi kulala naye moyo ukiwa umetulia. Wengine, kwetu Kongo, Burundi na hapa pia, bado wanaamini kwamba mate hayo yanaambukiza. Hayaambukizi. Kifafa hakipatikani kwa mate, wala kwa sahani moja, wala kwa tendo la ndoa. Naomba hilo mliseme ninyi, wenye koti jeupe, kwa sababu mke hataliamini kutoka kwa mume anayejitetea.

Halafu tazameni tunavyoishi. Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu kama 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000. Familia nyingi zina chumba kimoja au viwili vya matofali ya udongo, na kati ya wazazi na watoto kuna pazia la kitenge. Mwanamume ambaye mwili wake unasuasua hana faragha ya kujaribu tena kwa utulivu. Hana kazi inayompa jina, kwa kuwa Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake kuhusu ajira na kuhusu kutembea. Kutoka kambini kunataka kibali. Msaada wa chakula umepunguzwa mara kwa mara. Mtu huyu hawezi kulisha nyumba yake ipasavyo, anaanguka hadharani sokoni, na sasa hata ndani ya pazia hana la kujivunia. Msishangae akichagua kuanguka.

Ndiyo, huchagua. Hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Mwanamume anapima mambo mawili kwenye mzani wake mwenyewe, usiku, bila mshauri: kuanguka mara mojamoja au kumpoteza mke. Anaacha vidonge vyote kwa siku moja. Hajui kwamba kuacha fenobabitoni ghafla ni hatari kubwa, kwamba ubongo uliozoea kutulizwa huweza kulipuka kwa kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na kwamba hali hiyo huua.

Anayedhani natia chumvi akasome habari za Mahenge, kusini mwa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Mnorwe, Louise Jilek-Aall, alifungua huko kliniki ya kifafa miongoni mwa Wapogoro. Alikuta wagonjwa wametengwa, wanaogopwa kwa ajili ya mate yao, wengi wana makovu ya moto. Akawapa dawa, fenobabitoni ikiwemo, na watu wakaona kwamba wale waliodhaniwa wamekwisha wanaweza kurudi shambani na kwenye chungu cha pamoja. Miaka 30 baadaye, yeye na daktari Mtanzania, Henry Rwiza, waliwatafuta wagonjwa 164 wa kliniki ile. Ripoti yao ya 1992 ilionyesha kwamba wengi walikwisha kufariki, na zaidi ya nusu ya vifo vilihusiana na kifafa chenyewe: kuanguka mfululizo, kuzama majini, kuungua. Kila nikisoma maneno hayo matatu naona mto, naona jiko, naona kopo la vidonge chini ya kitanda.

Wapo pia wanaotafuta njia nyingine. Mke akianza kulalamika, mwanamume huenda sokoni. Hapa Malawi dawa ya kienyeji ya nguvu za kiume inayojulikana kuliko zote ni gondolosi, mizizi inayouzwa waziwazi, Lilongwe na mpaka kwetu kambini. Sina ugomvi na mizizi ya watu, ila hakuna anayejua inavyogongana na dawa za kifafa, na muuzaji haulizi mteja ana maradhi gani. Wengine hununua sildenafili, dawa ya dukani ya nguvu za kiume, kwa kidonge kimoja kimoja, bila cheti. Hapa pana jambo ambalo wagonjwa hawajui kabisa: ini lile lile lililoamshwa na fenobabitoni au kabamazepini huiondoa na sildenafili haraka mwilini. Mtu anameza, haoni kitu, anaongeza cha pili na cha tatu, presha inashuka, kichwa kinamzunguka, na akianguka watu husema ni kifafa. Pesa ya chakula imekwenda, na amethibitisha moyoni kwamba yeye si mwanamume tena.

Nimewasikia wachungaji wakiomba juu ya wanaume hawa. Maombi na yaendelee. Ninachowasihi wachungaji wetu, kwa heshima, ni kwamba mtu asiambiwe imani yake itapimwa kwa kuacha vidonge.

Kwa vijana ambao hawajaoa jambo hili ni zito kwa namna yake, na linapita kimya zaidi. Kijana wa miaka 22 ameanza dawa akiwa mtoto, hajui mwili wake bila dawa ukoje. Hana mke wa kumlalamikia, kwa hiyo hana hata wa kumwambia kwamba kuna tatizo. Anajitenga, anakataa kila posa inayopendekezwa na wazee, na wazee wanasema ni kifafa kimemharibu akili. Mwulizeni na yeye. Msingoje aoe.

Najua mtajibu kwamba swali lenyewe ni gumu, kwamba desturi zetu hazikubali kijana wa kliniki kumhoji baba wa watu habari za kitandani. Lakini Malawi ni nchi iliyokwisha kuvuka mto huo. Kwa ajili ya Ukimwi, wauguzi wa nchi hii wamewafundisha wanaume kuvaa kondomu, wamewapanga foleni ya tohara, wamewauliza wamelala na nani na lini. Mwaka 2011 Malawi ilikuwa ya kwanza duniani kuanza mpango wa kumpa kila mjamzito mwenye virusi dawa za maisha yote, na nchi nyingine zikaja kujifunza. Muuguzi anayeweza kumwonyesha mgeni namna ya kuvaa kondomu juu ya kipande cha mti hawezi kushindwa kumuuliza mgonjwa wa kifafa kama ndoa yake ina amani. Ujasiri huo mnao. Unatumika chumba cha pili tu, mlango wa jirani.

Na vyumba hivyo viwili, cha kifafa na cha virusi, vingefaa viwe vinaongea. Tangu 2019 Malawi inatumia dolutegraviri kwa wenye virusi. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni huishusha dolutegraviri kwenye damu. Kwa anayekunywa kabamazepini, mwongozo hutaka dolutegraviri inywewe mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Mwanamume anayeona haya kutaja kifafa kule, na kutaja virusi huku, anaweza kupoteza kinga ya dawa za virusi. Aibu ikishaachiwa nafasi katika jambo moja huenea.

Naomba nini basi? Kwanza, semeni mapema. Siku mnapomwandikia mtu fenobabitoni au kabamazepini kwa mara ya kwanza, mwambieni waziwazi kwamba kwa baadhi ya wanaume hamu au nguvu hupungua, kwamba ikitokea si laana wala si mwisho wa uanaume wake, na kwamba aje aseme badala ya kuacha dawa. Maneno hayo hayamalizi dakika mbili. Mtu aliyeonywa hurudi. Asiyeonywa hufikiri amerogwa, au mkewe humfikiria vibaya.

Kuhusu namna ya kuuliza, niwape nilichojifunza kwa kukaa katikati. Msimuulize mzee wa Kikongo au wa Kirundi "una tatizo la kusimamisha?" mara tu anapoketi. Anzeni na nyumbani: mama watoto hajambo? mnaelewana? Kisha semeni kwamba dawa hizi huwachosha baadhi ya wanaume katika tendo la ndoa, na kwamba mnawauliza wote, si yeye peke yake. Hapo nyamazeni kidogo. Ukimya wa pale ni mrefu, na mkalimani hupenda kuujaza, mwambieni asiujaze. Akishafunguka, mwulizeni kama asubuhi akiamka uume husimama wenyewe. Ukisimama asubuhi na kukataa usiku, huenda shida ni hofu, huzuni au ugomvi. Usiposimama kabisa, tazameni dawa, sukari, presha na homoni.

Mkalimani, kwa siku hiyo, awe mwanamume mtu mzima, asiwe jirani wala muumini wa kanisa lake, na mgonjwa aulizwe faraghani kama anamtaka. Wakalimani wa kujitolea tufundishwe na tuape kutunza siri. Wengi tuko tayari na hatujawahi kuitwa. Mlango ufungwe. Kama chumba hakina mlango, basi muda wa kliniki ya kifafa upangwe mbali na foleni ya malaria.

Akisema ana shida, asirudishwe na vidonge vile vile na pole. Pimeni sukari na presha. Mwulizeni usingizi wake, pombe yake, mawazo yake, kama anatamani kufa. Na kama dawa ndiyo inayoshukiwa, zipo nyingine. Lamotrijini na levetirasetamu haziliamshi ini namna ile, na kwa wanaume wengi zina madhara machache zaidi katika mambo haya. Kubadilisha kunataka wiki nyingi: dawa mpya ikipanda polepole, ya zamani ikishuka polepole, mgonjwa akifuatwa kwa karibu.

Hapo ndipo Wizara na UNHCR mnahusika kuliko watabibu wa chini, maana mtabibu hawezi kuandika dawa ambayo stoo haina. Mwaka 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, miongoni mwa walioletwa alikuwapo mfanyabiashara aliyekuwa akijinunulia lamotrijini katika duka la dawa Lilongwe. Alipata nafuu nayo, na ndoa yake ilikuwa salama. Alipofika kambini biashara imekufa, pesa ya dawa haipo, kwenda mjini ni mpaka kibali. Akarudi kwenye fenobabitoni, akawa mtu wa kusinzia mchana na kugombana usiku. Mkewe alikwenda kukaa kwa dada yake. Ninaomba lamotrijini na levetirasetamu ziwepo Dzaleka, hata kwa wagonjwa wachache waliothibitika kuzihitaji, na kibali cha kwenda kliniki Lilongwe kisimchukue mgonjwa wa kifafa zaidi ya siku moja kukipata.

Shirika la Afya Duniani na ninyi UNHCR mlitoa pamoja mwaka 2015 mwongozo wa kutibu maradhi ya akili, neva na ulevi katika mazingira ya dharura, na kifafa kimo. Mwongozo huo unamkumbusha mtabibu, na ni haki kabisa, amfikirie mwanamke wa umri wa kuzaa anapochagua dawa. Naomba katika mafunzo mnayoyatoa hapa, pale pale panapotajwa mwanamke na mimba, mwanamume na ndoa yake wawekwe kando yake. Mpango wa dunia wa kifafa na maradhi mengine ya neva, uliopitishwa Mei 2022 kwenda hadi 2031, unawapa sababu ya kufanya hivyo sasa.

Mwiteni na mke. Si kila mume atakubali, na asiyekubali aachwe. Lakini nimeona mke akiambiwa na mtabibu kwamba ubaridi wa mumewe umetoka kwenye kidonge na si kwa mwanamke wa nje. Uso wake ulibadilika kabla sijamaliza kutafsiri. Alimgeukia mumewe akamuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini hakumwambia. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akimwamsha kila asubuhi anywe dawa. Hakuna mhudumu wa afya atakayeshinda hiyo kazi ya mke anayejua anapigania nini.

Kama haya yote ni mengi kwa mara moja, anzeni na daftari. Kwenye rejesta ya kliniki ya kifafa kuna safu ya idadi ya kuanguka, ya dawa na ya dozi. Choreni safu moja zaidi kwa kila mwanamume mtu mzima, isiyo na kichwa cha maneno, iwe na alama tu: ameulizwa au hajaulizwa, ana shida au hana. Asiyehusika akilifungua daftari asielewe. Mkuu wa kliniki alipitie kila mwisho wa mwezi, na mahali palipo wazi aulize kwa nini. Rula na kalamu vipo. Kliniki ya mwezi ujao mnaweza kuanza.

Wenu,

Mkalimani wa kujitolea
Dzaleka, Dowa